Shaaban Robert: karani aliyeumba nchi inayoelea angani

Aliandika juu ya majini, miji iliyogeuka mawe na watu waliofanywa nyani. Ndani ya visa hivyo kulikuwa na dai moja: mtu asikilizwe kabla hajahukumiwa.

Wengi wetu jina la Shaaban Robert tulilisikia kwanza darasani. Mwalimu aliandika ubaoni jina la kitabu, tukakariri dhamira na wahusika, tukajibu mtihani, kisha tukasahau. Ndiyo maana wapo wanaomkumbuka kama mzee wa mawaidha tu, mtu wa kusema kuwa wema ni mzuri na ubaya ni mbaya.

Lakini ukivifungua vitabu vyake leo bila hofu ya mtihani, utakutana na mambo ya kushangaza. Kuna nchi isiyogusa ardhi, kuna mji ambao watu wake wote wamekuwa mawe, na kuna liwali mwema anayeamka kila usiku kuwachapa nyani wawili huku machozi yakimtoka. Haya ni masimulizi ya ajabu na ya kutisha, ya aina ambayo bibi na babu zetu walisimulia jioni karibu na moto. Tofauti ni kwamba Shaaban Robert aliyaweka kwenye karatasi, akayatumia kusema mambo ambayo Mwafrika wa wakati wake hakuwa na mahali pa kuyasemea.

Hata sisi wa kanda ya kati tuna sehemu yetu katika maisha yake, kwa kuwa Mpwapwa ni moja ya vituo alivyofanyia kazi.

Kijana wa Tanga

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Machui, kusini kidogo ya mji wa Tanga. Ukoo wake ulikuwa na asili ya Wayao, lakini yeye alikulia pwani na Kiswahili kikawa lugha ya maisha yake. Alipozaliwa nchi ilikuwa chini ya Wajerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipomalizika, Tanganyika ikawekwa chini ya Waingereza.

Alisoma Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922 hadi 1926. Kwa Mwafrika wa siku hizo, shule ya namna hiyo iliishia kwenye kazi ya ukarani. Naye mwaka 1926 akaajiriwa katika Idara ya Forodha, idara inayotoza ushuru wa bidhaa zinazoingia na kutoka nchini. Alidumu huko miaka 18, akihamishwa kutoka kituo kimoja hadi kingine, kikiwemo Pangani.

Tuielewe kazi hiyo. Karani alikaa mezani, akaandika, akahesabu, akapiga mhuri. Barua za serikali zilipita mikononi mwake, lakini uamuzi haukuwa wake. Mwaka huohuo wa 1926 ndipo Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilipoanza vikao vyake, na ndani yake hapakuwa na Mwafrika hata mmoja. Waafrika wa kwanza, machifu wawili, waliingia mwaka 1945. Kwa miaka 19 sheria za nchi zilitungwa na watu wengine, na wenye nchi wakaletewa kuzifuata.

Shaaban Robert aliishi ndani ya hali hiyo akiwa na kipaji cha maneno. Alianza na mashairi, akayapeleka magazetini, jina lake likaanza kujulikana.

Safari ya Mpwapwa

Mwaka 1944, vita ya pili ya dunia ikiendelea, alitoka forodhani na kuhamishiwa idara iliyoshughulikia wanyama. Hapo ndipo mtu wa pwani alipofika Mpwapwa. Wakati huo Mpwapwa ilikuwa makao makuu ya idara ya mifugo kwa Tanganyika nzima, na hadi leo utafiti wa mifugo unaendelea hapo.

Safari yenyewe haikuwa nyepesi. Reli ya Tanga na Reli ya Kati zilikuwa bado hazijaunganishwa. Ziliunganishwa miaka ya sitini. Mtu wa Tanga aliyetaka kuja huku alipaswa kuacha treni ya kule, akapanda gari la barabarani, kisha akaidaka treni nyingine. Shaaban Robert aliieleza safari hiyo katika kitabu cha maisha yake. Alisafiri na familia, na njiani alionja ubaguzi wa rangi, kwani mahali pa msafiri garini palipimwa kwa ngozi yake. Nauli peke yake haikumtosha.

Anayesoma maelezo yake ya safari hiyo hakuti matusi. Anamkuta mtu aliyeumia, anayeeleza kilichotokea kwa utulivu na kumwachia msomaji ahukumu. Utulivu huo ndio ulikuwa silaha yake. Karani wa serikali ya kikoloni aliyewatukana wakubwa angepoteza kazi, pengine na uhuru wake. Ilimbidi atafute njia nyingine ya kusema, na akaipata katika hadithi za nchi ambazo hazipo kwenye ramani.

Mwaka 1946 alirudi Tanga kufanya kazi katika ofisi ya serikali ya wilaya. Kuanzia mwaka 1952 hadi 1960 alikuwa katika ofisi ya upimaji wa ardhi.

Kusadikika, nchi ya angani

Kitabu cha Kusadikika kilichapishwa mwaka 1951. Kusadikika ni nchi inayoelea hewani, na ina mfalme, mawaziri na washauri wake. Waziri mkuu wake anaitwa Majivuno, na tabia yake ni kama jina lake.

Katika nchi hiyo anatokea kijana aitwaye Karama. Kosa lake ni kufundisha elimu ya sheria na utetezi, ili mtu akishitakiwa aweze kujitetea. Majivuno anamshitaki mbele ya mfalme kuwa ni mtu hatari, na anataka auawe.

Karama anaomba nafasi ya kujitetea. Kwa siku sita anasimama barazani na kusimulia habari za wajumbe sita ambao Kusadikika iliwahi kuwatuma: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Wanne walikwenda pande nne za dunia, mmoja akatumwa mbinguni na mmoja ardhini. Walipita katika hatari na maajabu mengi, wakajifunza mambo mema ya nchi nyingine, wakarudi wakiwa na mapendekezo ya kuifaa nchi yao. Kila mmoja aliporudi alitiwa gerezani. Hakuna aliyesikilizwa kwa haki, maana kila jambo jipya lilionekana kuwa tishio kwa wakubwa.

Hapo ndipo wasikilizaji wa Karama barazani wanapoanza kuona kuwa mshitakiwa halisi ni nchi yenyewe. Mwishoni Karama anaachiliwa, na wajumbe waliofungwa nao wanafunguliwa.

Sasa fikiri kitabu hiki kilisomwa lini. Mwaka 1951 Tanganyika ilikuwa na gavana kutoka Uingereza. Kama mwandishi angeandika kuwa serikali hiyo inawafunga watu wenye mawazo mema, kitabu kisingefika kwa mchapishaji. Alipoandika kuwa mambo hayo yametokea angani, kitabu kilitoka, na msomaji akajua mwenyewe angani ni wapi.

Nyani wanaochapwa usiku

Mwaka 1952 kilitoka Adili na Nduguze, na hapa ndipo Shaaban Robert alipokaribia zaidi hadithi za kutisha.

Mfalme Rai wa nchi ya Ughaibuni anamtuma mtu wake mji wa Janibu kufuatilia kodi iliyochelewa. Liwali wa Janibu ni Adili, anayependwa na watu wake. Mgeni analala nyumbani kwa Adili, na usiku anaona jambo linalomnyima usingizi. Adili anaamka, anakwenda walikofungwa nyani wawili, anawachapa kwa mjeledi mpaka wanalia kwa uchungu. Kisha anawalisha kwa mkono wake, naye analia. Usiku wa pili ni hivyohivyo.

Habari zinamfikia mfalme, ambaye katika nchi yake anataka wanyama watendewe kwa huruma. Adili anaitwa ajieleze. Ukweli unaotoka ni mzito kuliko mjeledi wenyewe: nyani wale ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu.

Walifiwa na baba, wakagawana urithi. Wawili wakaupoteza, naye Adili akawapa tena kutoka fungu lake. Wakasafiri pamoja kwa biashara hadi mji ambao watu wake wote walikuwa wamegeuka mawe, kila mmoja pale alipokuwa, isipokuwa msichana mmoja, Mwelekevu. Adili akatoka naye pamoja na mali nyingi. Njiani ndugu zake wakaingiwa na tamaa na wivu, wakamtosa Adili baharini.

Kumbe huko nyuma Adili alikuwa ameokoa maisha ya jini mmoja, Huria, akiwa katika umbo la mnyama mdogo anayefukuzwa. Huria akalipa fadhila. Akamtoa Adili majini, akawageuza nduguze nyani, na akatoa amri kuwa wachapwe kila usiku. Adili asipowachapa, adhabu itamrudia yeye.

Kiini cha kisa hiki kinafanana na hadithi moja ya Alfu Lela U Lela, ambamo ndugu wanageuzwa mbwa. Shaaban Robert alikichukua akakipa majina ya Kiswahili, sauti ya Kiswahili na mizani yake mwenyewe. Mkazo wake ni kwa Adili, mtu mwema aliyepewa mjeledi mkononi na hawezi kuuacha. Aliyedhulumiwa sasa anatesa, na kila usiku anateseka pamoja na anaowatesa.

Kinachovunja mzunguko huo ni kusikilizwa. Mfalme Rai hamhukumu Adili kwa kilichoonekana usiku. Anamwita, anamsikiliza hadi mwisho, kisha anawaombea wafungwa kwa majini. Ndugu wale wanarudishiwa umbo la binadamu, na wanasamehewa.

Kufikirika na watabiri

Kitabu cha tatu cha namna hii ni Kufikirika. Aliuandika mswada wake mwaka 1946, mara baada ya miaka yake ya Mpwapwa, lakini kitabu kilichapishwa mwaka 1967, yeye akiwa amekwisha kufa. Mswada ulisubiri miaka 21.

Mfalme wa Kufikirika hana mtoto. Wanaitwa wataalamu wa kila aina: wa mizizi, wa makafara, wa hirizi, wa mazinguo, wa mashetani na watabiri. Mali nyingi inatumika. Hatimaye mwana wa mfalme anazaliwa na kukua, lakini baadaye anaugua, na watabiri wanasema dawa ni kutoa kafara ya watu wawili, mmoja mwerevu na mmoja mjinga. Watu wanakamatwa na kupangiwa kifo, na kosa lao ni kwamba ramli imesema.

Mmoja wao anadai kusikilizwa, anatetea uhai wao wawili kwa hoja, na sheria ya nchi inashindwa mbele ya akili.

Hapa Tanzania jambo hilo si la nchi ya kufikirika tu. Tumeshuhudia vikongwe wakiuawa kwa sababu ya macho mekundu na maneno ya mpiga ramli. Watu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa tamaa ya utajiri, na Januari 2015 serikali ilitangaza kupiga marufuku wapiga ramli kutokana na mauaji hayo. Karibu miaka 70 kabla ya tangazo hilo, karani mmoja alikuwa ameandika hadithi nzima kuonyesha hatari ya kumuua mtu kwa neno la mtabiri.

Ukiviweka pamoja vitabu hivi vitatu utaona vinagusa jambo moja. Katika kila kimoja yupo anayehukumiwa bila kusikilizwa, na akisikilizwa mambo yote yanabadilika. Majini na nchi za angani yalikuwa chombo cha kubebea dai hilo.

Mshairi na mtu wa nyumbani

Tusimfanye mwandishi wa maajabu peke yake. Aliandika mashairi, tenzi na insha nyingi. Kitabu cha mashairi cha Pambo la Lugha kilichapishwa Johannesburg, Afrika Kusini. Utenzi wa Vita vya Uhuru unasimulia vita ya mwaka 1939 hadi 1945 kwa maelfu ya beti. Aliyaleta mashairi ya Omar Khayyam, mshairi wa Uajemi, katika Kiswahili.

Aliandika pia maisha ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar aliyezaliwa katika umaskini na kufariki mwaka 1950 akiwa na jina kubwa. Wakati ambapo wasifu uliandikwa kwa ajili ya wafalme na magavana, yeye alimwandikia mwanamke wa kijijini aliyewahi kuuza vyungu.

Nyumbani alionja msiba mapema. Mkewe Amina alifariki, akamwachia watoto wadogo, naye akamtungia shairi la maombolezo linalojulikana hadi leo. Kwa binti yake alitunga Utenzi wa Hati, na kwa mwanawe Utenzi wa Adili, kuwaachia malezi kwa maandishi. Mambo ya moyoni alimwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge, naye pia mwandishi, kwa barua za miaka mingi. Barua hizo zilihifadhiwa na baadaye zikachapishwa kuwa kitabu.

Alivyolaumiwa

Wapo wasomi waliomkosoa, na hoja zao zinafaa kusikika. Wanasema wahusika wake ni wema mno au wabaya mno, na majina yao yanatoboa siri mapema: ukisikia Hasidi umeshajua atafanya nini. Wengine wanasema mashujaa wake wanaomba haki kwa wafalme badala ya kuwaondoa wafalme. Wengine wanakumbusha kuwa alipokea nishani ya MBE kutoka kwa Waingereza haohao.

Lawama hizo zina ukweli ndani yake. Lakini mtu hupimwa pia kwa zama zake. Shujaa anayesimama peke yake siku sita mbele ya wanaotaka kumuua, bila silaha ila maneno, si mwoga. Na katika miaka ile, kumwonyesha Mwafrika kuwa ana haki ya kujitetea kwa hoja mbele ya mtawala kulikuwa jambo kubwa.

Heshima zilikuja pia kwa upande wa kazi yake. Alipata tuzo ya Margaret Wrong kwa uandishi, na aliitwa katika kamati iliyosimamia Kiswahili cha Afrika Mashariki. Hata hivyo fedha hazikufuata sifa. Miaka ya 1959 na 1960 baadhi ya vitabu vyake, vikiwemo Insha na Mashairi na Almasi za Afrika, vilitolewa Tanga, mbali na wachapishaji wakubwa wa Ulaya. Miswada mingine ilibaki nyumbani.

Mwisho wa safari

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Shaaban Robert aliuona, lakini kwa miezi michache tu. Alifariki Juni 1962 akiwa na umri wa miaka 53, akazikwa Machui, karibu na alikozaliwa.

Desemba ya mwaka huohuo nchi ikawa jamhuri, na Kiswahili kikaanza kupanda kutoka lugha ya soko na nyumbani kuwa lugha ya taifa na ya Bunge. Leo Bunge linakaa Dodoma, na wabunge wanajadili sheria kwa lugha ileile ambayo Karama aliitumia kujitetea. Yeye hakuyaona hayo.

Vitabu vyake vingi vilitoka baada ya kifo. Kufikirika na Utenzi wa Vita vya Uhuru vilitoka mwaka 1967, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote mwaka 1968. Vizazi vya watoto wa Tanzania na Kenya vimesoma kazi za mtu ambaye hakupata kuishika nakala iliyochapishwa ya baadhi yake. Jina lake limepewa mtaa na shule ya sekondari Dar es Salaam. Na njia aliyoifungua haikufungwa: Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, katika Nagona na Mzingile, alirudi kwenye masimulizi ya ajabu kwa namna yake.

Kama una mtoto anayesoma Kusadikika au Adili na Nduguze kwa ajili ya shule, muombe akusomee sehemu moja kwa sauti jioni. Ianzie pale mgeni anaposikia mjeledi usiku, au pale Karama anaposimama siku ya kwanza. Kisha mzungumze: katika kijiji chetu, katika baraza letu, nani huwa anahukumiwa kabla hajasikilizwa?